Masikio ya Mwendesha Pikipiki

Yafaa tutenganishe mambo mawili yanayochanganywa mno hapa Bujumbura: kizibo cha sikio na muziki masikioni. Sisi askari huziba masikio kwenye uwanja wa shabaha, na amri bado twaisikia. Kadhalika, pikipiki ikikaza mwendo katika uwanda wa Imbo, kelele za upepo ndani ya kofia ngumu huweza kupita desibeli 90, ilhali viwandani ukomo wa kawaida ni 85 kwa saa 8. Kizibo cha sifongo hupunguza uvumi huo, na honi bado husikika.

Muziki ni jambo jingine kabisa. Ili usikike hauna budi kuushinda upepo. Hivyo sikio laumia zaidi, na honi yamezwa. Tumfikirie dereva wa lori ateremkaye kutoka Bugarama, breki zikamkatalia: amebaki na honi tu ya kumwonya aliye mbele. Na abiria aombaye mwendo upunguzwe, atasikiwa na nani?

Mwezi Machi 2022 serikali iliziondoa pikipiki katikati ya jiji, ikitaja ajali. Lakini hatari ya nyuzi za masikioni ni jambo jingine. Twamsihi abiria, kabla ya kupanda, amtake dereva azitoe. Akikataa, amngojee mwingine.