Fimbo, monita na makofi: Nani anatawala darasa la tano Arusha?

KABLA ukungu haujaachia miteremko ya Mlima Meru, watoto wa darasa la tano hadi la saba wamekwisha kufanya zamu yao ya kwanza ya siku. Wapo waliokata majani ya ng'ombe, wapo waliochota maji, wapo waliowaandaa wadogo zao. Kisha huanza safari ya vumbi au ya matope, kutegemea msimu, hadi shuleni. Kengele, ambayo katika shule nyingi ni rimu ya gari iliyotundikwa mtini, ikigongwa, utaratibu ni ule ule kutoka Ngaramtoni hadi Usa River: usafi wa mazingira, mstari, wimbo wa Taifa, ukaguzi wa kucha na sare, matangazo ya mwalimu wa zamu. Pembeni husimama mstari wa pili, mfupi, wa waliochelewa.

Mstari huo wa pili unastahili kutazamwa kwa makini, kwa kuwa ndipo sheria ya nchi na desturi ya shule zinapoachana kila asubuhi.

Kanuni za adhabu ya viboko zilizotolewa mwaka 2002 chini ya Sheria ya Elimu ya 1978 hazikumpa kila mwalimu ruhusa ya kushika fimbo, kama wazazi wengi wanavyodhani. Zinamtaja mwalimu mkuu, au mwalimu aliyemteua kwa maandishi. Zinataka viboko visizidi vinne, mwanafunzi wa kike aadhibiwe na mwalimu wa kike isipokuwa shule haina mwalimu huyo, na kila adhabu iandikwe katika kitabu maalumu. Zaidi ya yote, zinasema adhabu hiyo ni kwa ajili ya utovu mkubwa wa nidhamu au makosa mazito yanayoweza kuishushia shule heshima.

Kuchelewa kwa dakika kumi si kosa zito. Kupiga kelele mwalimu akiwa hayupo si kosa zito, wala kukosa hesabu tatu kati ya kumi. Kwa maneno mengine, sehemu kubwa ya viboko vinavyochapwa katika madarasa ya juu ya shule za msingi haina kibali hata katika kanuni zinazoruhusu viboko. Mjadala wa kila mara, kama fimbo ifutwe au ibaki, unaliruka jambo hili kana kwamba kanuni zilizopo zinafuatwa.

Viongozi nao wamekuwa wakitoa ishara zinazokinzana. Februari 2009 mkuu wa wilaya ya Bukoba aliamuru walimu 19 wa shule za msingi wachapwe viboko kwa sababu ya matokeo mabaya ya mitihani, na Rais Jakaya Kikwete akamwondoa madarakani mara moja. Oktoba 2019 mkuu wa mkoa wa Mbeya aliwachapa hadharani wanafunzi wa sekondari kule Chunya baada ya mabweni kuchomwa, na Rais John Magufuli akamsifu. Mwalimu anayesoma magazeti alikuwa na haki ya kuelewa kwamba fimbo ni udhalilishaji inapompata mtu mzima na ni malezi inapompata mtoto.

Kati ya matukio hayo mawili lilitokea lile la Shule ya Msingi Kibeta, Bukoba, Agosti 2018, ambapo mwanafunzi wa darasa la tano mwenye umri wa miaka 13 alifariki dunia baada ya kupigwa kwa tuhuma ya kuiba mkoba. Machi 2019 Mahakama Kuu ilimtia hatiani mwalimu kwa mauaji. Nchi ilishtuka, viongozi wakakemea, na shule zilipofunguliwa muhula uliofuata mstari wa waliochelewa ulikuwa palepale.

Sababu haiko mbali. Mwalimu huambiwa asichape, lakini ni mara chache kuambiwa afanye nini badala yake, saa ngapi, na kwa darasa la watoto wangapi. Uwiano rasmi ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45. Elimu bila malipo ilipoanza mwaka 2016 watoto walimiminika shuleni, na darasa la wanafunzi 90 si jambo la kustaajabisha katika kata zenye watu wengi. Kipindi kina dakika 40. Mwalimu akigawa muda huo sawasawa kwa watoto 90, kila mmoja anapata sekunde 27. Kukusanya na kurudisha madaftari bila utaratibu kukichukua dakika kumi, robo ya somo imekwisha kabla chaki haijagusa ubao.

Katika hali hiyo darasa hupata mtawala mwingine, naye ni monita. Aliyewahi kukaa katika dawati la shule ya msingi ya Tanzania anamfahamu. Mwalimu akitoka, monita husimama mbele, huandika kichwa cha habari "wapiga kelele", na chini yake majina. Aliyerudia huongezewa alama ya kuzidisha pembeni ya jina. Mwalimu akirudi, orodha husomwa na adhabu hutolewa bila ushahidi mwingine.

Hiyo ndiyo katiba halisi ya madarasa mengi, na haijawahi kujadiliwa na waziri yeyote. Mtoto wa miaka 12 hukabidhiwa upelelezi na uendeshaji wa mashtaka kwa pamoja. Marafiki zake hawaandikwi. Jina linaweza kufutwa kwa peremende mbili au kwa karanga za shilingi mia. Mtoto mkimya aliyegombana naye wakati wa mapumziko hujikuta juu ya orodha. Watu wazima hulalamikia rushwa katika ofisi za umma, lakini mafunzo yake ya awali hutolewa bure, chini ya usimamizi wa serikali, mbele ya ubao.

Upande wa pili wa utawala huo ni zawadi, nazo zina kasoro ya namna yake. Siku ya kufunga shule mwanafunzi wa kwanza, wa pili na wa tatu huitwa mbele, hupewa daftari, kalamu au mkebe, na wazazi hupiga makofi. Katika darasa la watoto 90, hao ni watatu. 87 huenda nyumbani wakiwa wamejifunza kwamba sherehe haiwahusu. Muhula unaofuata, kwa kawaida, huitwa watatu wale wale. Mtoto aliyetoka nafasi ya 80 hadi ya 50 amefanya kazi kubwa kuliko aliyebaki wa kwanza, lakini hakuna anayemwona.

Baraza la Mitihani liliona tatizo linalofanana na hilo kwa ngazi yake, na kuanzia matokeo yaliyotangazwa mwishoni mwa 2022 na mwanzoni mwa 2023 liliacha kutangaza shule na watahiniwa kumi bora kitaifa. Uamuzi huo haukushuka hadi darasani, ambako kushika namba bado ndiyo sarafu pekee inayotambulika. Ruzuku iliyopangwa wakati elimu bila malipo inaanza, Sh 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, ambazo kati yake Sh 6,000 ndizo za kwenda shuleni moja kwa moja, haikuacha nafasi ya kununua mikebe 90. Lakini zawadi zinazofanya kazi kwa watoto wa umri huu si lazima zinunuliwe. Kukabidhiwa kengele kwa wiki nzima ni heshima kubwa kwa mtoto wa darasa la tano. Vivyo hivyo kusifiwa kwa jina na kwa jambo mahususi, au kusoma kazi yake mbele ya wenzake.

Ushahidi wa kwamba jambo hili linawezekana katika mazingira ya Afrika Mashariki upo, na haukutoka Ulaya. Katika wilaya ya Luwero, Uganda, shule za msingi 42 zilihusishwa katika utafiti uliochapishwa mwaka 2015. Nusu yake zilipewa mpango wa shirika la Raising Voices la Kampala, ambao huwashirikisha walimu na wanafunzi kutunga kanuni za shule, kutafuta adhabu mbadala na kutambua mwenendo mzuri. Baada ya takriban miezi 18, wanafunzi wa umri wa miaka 11 hadi 14 waliosema wamepigwa na mfanyakazi wa shule ndani ya wiki moja walikuwa asilimia 31 katika shule hizo, dhidi ya karibu asilimia 49 katika shule nyingine. Alama za majaribio ya masomo hazikutofautiana. Yaani fimbo ilipungua na ufaulu haukuanguka, jambo ambalo wazazi wengi huliogopa kuliko yote.

Asilimia 31 bado ni nyingi, na hilo lisifichwe. Uganda iliharamisha viboko shuleni kwa sheria ya mwaka 2016. Kenya ilifanya hivyo mwaka 2001. Hapa Tanzania, utafiti uliochapishwa mwaka 2014 kuhusu watoto 409 wa shule moja ya msingi ulikuta zaidi ya asilimia 90 wamewahi kuchapwa na mwalimu, na kwamba waliochapwa zaidi na wazazi au walezi ndio pia walioonyesha ukorofi zaidi. Utafiti wa namna hiyo hauwezi kusema kipi kilitangulia, fimbo au ukorofi. Unachoonyesha ni kwamba fimbo haikuuondoa.

Arusha ina sababu za ziada za kulitazama suala hili. Ndiyo makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki na ya Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu. Ndiko lilikopitishwa Azimio la Arusha, lililotangazwa Februari 1967, na mwezi uliofuata Mwalimu Nyerere akatoa andiko la Elimu ya Kujitegemea, ambalo lilitaka wanafunzi washiriki kupanga na kuamua shughuli za shule yao badala ya kuamrishwa tu. Shule nyingi zilichukua jembe kutoka katika andiko hilo na kuuacha mjadala.

Hata kabla ya hapo, mwanaanthropolojia Philip Gulliver, katika kitabu chake cha mwaka 1963 kuhusu Waarusha, alieleza jinsi migogoro ya jamii hiyo ilivyomalizwa kwa majadiliano, kupitia washauri wa koo na marika, bila hakimu wa kutoa amri. Si kwamba watoto hawakuchapwa malishoni. Lakini wazo la rika kukaa chini, kukubaliana kanuni na kuwajibishana si geni kwa babu wa mtoto anayesoma leo Ilboru au Sokon II, na mwalimu anayewaketisha wanafunzi wiki ya kwanza ya Januari kuandika kanuni tano za darasa lao hawaletei mila ya kigeni.

Mwalimu huyo atakuta kwamba watoto wenyewe hupendekeza adhabu kali kuliko yeye, na kazi yake ya kwanza itakuwa kuzipunguza. Atalazimika kubadilisha monita kila wiki, na kuitumia orodha ya ubaoni, kama ataibakiza, kuandika majina ya waliomaliza kazi. Waliochelewa atawauliza sababu kabla ya kuwapanga mstari, maana siku za gulio la Tengeru sababu mara nyingi iko kichwani mwa mama yao, ndani ya tenga la ndizi.

Muda wa kujaribu hayo ni mfupi. Chini ya Sera ya Elimu toleo la 2023, elimu ya msingi inakuwa ya miaka sita, na inatarajiwa kwamba mwaka 2027 darasa la sita na la saba yatahitimu pamoja. Shinikizo la mitihani litaangukia madarasa mawili kwa mkupuo, na shinikizo hilo ndilo siku zote hurudisha fimbo mkononi. Wakati huo huo, kitabu cha adhabu kinachotakiwa na kanuni za 2002 kinapaswa kuwapo katika ofisi ya kila mwalimu mkuu, na wathibiti ubora wa shule wanaweza kuomba kukiona kesho asubuhi, wakalinganisha kurasa zake na mstari wa pili ulioko nje.