Bukavu: Kumfunga kitambaa mtoto wa miaka miwili na nusu si aibu

Katika parseli nyingi za Kadutu na Bagira, kamba ya kuanikia nguo imekuwa mahali pa hukumu. Vikianikwa vitambaa vya mtoto mchanga, jirani anapongeza: mama amejifungua salama. Vitambaa hivyo hivyo vikiwa vya mtoto anayekimbia na kuongea, jirani yule yule anauliza kwa sauti inayofika avenyu ya pili: "Huyu bado tu? Na baba yake amekosa hata franka za Pampers?" Jina hilo, hapa Bukavu, ni la kila nepi ya kutupwa, hata ile isiyo na jina iliyovuka mpaka ndani ya mfuko mweupe.

Katika swali hilo mna mashtaka mawili: kwamba mtoto amechelewa, na kwamba nyumba ni ya maskini. Yote mawili yanawaumiza akina mama wa mji huu, na yote mawili hayana msingi.

La kwanza ni la umri. Watoto wengi huanza kushika mkojo wa mchana kati ya miaka miwili na mitatu. Wengine huchelewa kidogo zaidi. Usiku ni habari nyingine kabisa: kukojoa kitandani, waganga wa hospitali hawauiti ugonjwa kabla mtoto hajafika miaka mitano. Koko anayesema watoto wake walikauka wakiwa na mwaka mmoja hasemi uongo, ila anasahau kusema kwamba walishinda matako wazi uani, wakakojoa pale mkojo ulipowakuta, na hakuna aliyehesabu. Kule Walungu au Kabare ua ulikuwa wa udongo. Katika chumba cha kupanga cha Kadutu, chenye saruji chini na godoro moja la watu wanne, kila tone linahesabiwa.

Ubaya ni kwamba haraka hiyo inaishia kwa fimbo. Mtoto anaitwa kikojozi mbele ya wenzake, ananyimwa maji ya kunywa tangu saa kumi za mchana, asubuhi anachapwa. Hakuna kibofu kilichokomaa kwa fimbo. Tena katika jimbo ambako watoto wamelala chini ya kitanda wakisikia risasi, wapo waliokuwa wamekwisha kukauka wakarudia kukojoa. Hao si wakaidi. Huenda ni hofu, huenda ni maambukizi ya njia ya mkojo; wapelekwe kituo cha afya.

Shtaka la pili, la umaskini, linafaa kupigiwa hesabu. Nepi nne kwa siku ni 120 kwa mwezi na 1460 kwa mwaka. Kadiri mtoto anavyokua, namba ya nepi inapanda, bei ya moja inapanda, na idadi ndani ya pakiti inashuka. Ndiyo maana vibanda vinaziuza moja moja, kama sigara. Na mama aliyenunua moja asubuhi atafanya nini? Anaiacha hadi jioni. Inavimba, inaning'inia karibu na magoti, ngozi ya mapaja inachubuka, kisha poda inapakwa juu ya kidonda. Kitu kilichonunuliwa ili mtoto aonekane ametunzwa ndicho kinachomchoma.

Watetezi wa nepi ya kutupwa wana hoja moja ya kweli, na haifai kufichwa: ikibadilishwa kwa wakati, inaweka ngozi kavu kuliko kitambaa. Kwa mtoto mchanga, hasa usiku, hilo lina uzito. Lakini kwa mtoto wa miaka miwili na nusu ukavu huo ndio kasoro. Anakojoa na hasikii kitu, anaendelea na mpira wake. Kitambaa kinamwambia papo hapo kwamba amelowa. Siku zikipita anaanza kuja na kusema "mama, nimekojoa", baadaye "mama, ninakojoa", na asubuhi moja, "mama, mkojo".

Ila anayemfunga mtoto mkubwa kama anavyofunga mchanga atakata tamaa siku ya kwanza. Mkojo wa umri huu ni mwingi na unatoka kwa mkupuo. Kitenge kipya hakifai, kwa sababu hakinyonyi. Kinachofaa ni shuka kuukuu la pamba, fulana zilizochakaa au taulo, zikunjwe mara nyingi. Kwa mvulana unene uwe mbele, kwa msichana katikati. Mtoto anayekimbia hashikwi na pini. Fundi cherehani yeyote wa soko la Kadutu anaweza kushona kalsoni yenye lastiki kiunoni na pamba nene katikati, ambayo mtoto anaishusha mwenyewe. Hilo la kuishusha mwenyewe ni nusu ya kazi. Kalsoni nane zinatosha, na mdogo wake atazirithi.

Kisha kuna kinyesi, na hapa wanaosifu kitambaa nao wana lawama yao. Wapo wanaoshuka ziwani au kwenye mto Kawa na ndoo ya vitambaa vichafu, wakisema kinyesi cha mtoto hakina ubaya. Kinao. Kivu ya Kusini ni jimbo la kolera, na maji hayo hayo mwingine anayateka kwa kupikia. Kinyesi kiangushwe chooni kwanza, kitambaa kisuuzwe kwa maji machache nayo yamwagwe chooni, kisha kifuliwe kwa sabuni na maji ya moto, kianikwe juani. Wakati wa mvua, tangu mwezi wa tisa hadi wa tano, jua linakuwa la kuvizia, na vitambaa vinakaushwa juu ya babula huku makala yakiisha. Ni tabu, hakuna haja ya kuipamba.

Lakini nepi ya kutupwa haijakiondoa kinyesi hicho. Imekifunga ndani ya plastiki na kukipeleka kwa jirani wa chini. Bukavu ni mji wa milima: kinachotupwa juu kinashuka na mvua kupitia mifereji, kinafika Ziwa Kivu, na kutoka ziwani kinaingia Ruzizi. Kilomita chache mbele pana kiwanda cha umeme cha Ruzizi I, kinachofanya kazi tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, ambako takataka za plastiki hukusanyika hadi kusumbua mitambo. Anayecheka vitambaa vya jirani huku akikaa gizani apige hesabu hiyo pia. Amri ya serkali ya tarehe 30 Desemba 2017 ilikataza mifuko, sashe na vifungashio vya plastiki. Nepi inavuka mpaka bila neno. Ukiichoma inafuka moshi tu, kwa kuwa imelowa. Ukiizika, mbwa wanaifukua.

Pingamizi lililo zito kuliko yote ni maji. Nani atafua vitambaa vitano kwa siku mahali ambapo bomba linatoa maji usiku wa manane, au halitoi kabisa, na bidoni ya lita 20 inapanda mlima mgongoni mwa msichana aliyepaswa kuwa darasani? Anayehubiri kitambaa bila kujibu hilo anawaongezea wanawake mzigo. Na baba anayeringa kwamba mtoto wake havai vitambaa, naye hajawahi kubeba bidoni, angoje nje ya mazungumzo. Maji ya kusuuza yanaweza kuwa ya mvua, na Bukavu haina uhaba wa mvua: pipa moja chini ya bati linaokoa safari mbili tatu. Kwa nyumba isiyo na hata hilo, nepi ya kutupwa usiku na kitambaa mchana si usaliti. Lakini wenye dhamana ya mabomba wajue kwamba kila yanapokauka, wao ndio wanaomwamuru mama asiye na kitu akanunue plastiki.

Wakati huo huo, shule kadhaa za maternele zinaandika kwenye orodha ya vifaa vya mwaka: pakiti ya Pampers. Nyingine zinamkataa kabisa mtoto wa miaka mitatu ambaye hajakauka, kana kwamba siku ya kuzaliwa kwake ni kengele ya kibofu. Sababu inayotolewa ni harufu, na kazi ya walimu. Walimu hao wanalipwa vibaya na watoto ni wengi darasani, hilo linaeleweka. Ila kinachohitajika ni kidogo: ndoo moja yenye kifuniko nyuma ya darasa, kalsoni mbili kavu katika begi la mtoto, choo chenye tundu dogo ambalo haogopi kutumbukia, na ruhusa ya kwenda huko bila kuinua mkono mara tatu. Wazazi wanaoandikisha watoto kwa mwezi wa tisa waulize hayo mlangoni, kabla ya kulipa.