Tairi Gumu, Mgongo wa Nani?

Mwalimu anayefundisha mbali na lami katika sehemu za Ekerenyo, Kaunti ya Nyamira, huanza kazi yake kabla ya kengele kulia. Huianza juu ya kiti cha pikipiki. Hupanda, hukumbatia mkoba wa vitabu, hukaza meno, na safari nzima hurushwarushwa kama mahindi katika ungo. Afikapo shuleni hushuka akiwa ameshika kiuno, na mazungumzo ya kwanza katika chumba cha walimu huwa juu ya barabara. Hulaumiwa barabara, hulaumiwa mwakilishi wa wadi, hulaumiwa mvua. Sijapata kusikia tairi likilaumiwa.

Simtetei yeyote aliyeziachia barabara hizo ziharibike. Nyamira ni nchi ya vilima na udongo mwekundu, nayo hupata mvua ya zaidi ya milimita 1,200 kwa mwaka. Changarawe iliyomwagwa leo husombwa hadi mtoni kabla ya muhula kwisha, yakabaki mawe yaliyotokeza vichwa na mifereji iliyokata njia. Hata hivyo, kati ya mawe hayo na uti wa mgongo wa abiria pana kitu kimoja kisichongoja bajeti ya serikali, nacho ni zile sentimita saba hivi za hewa zilizofungiwa ndani ya mpira.

Hewa hiyo, tukumbuke, ilitiwa humo kwa ajili ya starehe. John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo aliyekuwa akiishi Belfast, alipata hataza ya tairi la upepo mwaka wa 1888 baada ya kulijaribu katika baiskeli ya magurudumu matatu ya mwanawe. Baadaye ilibainika kwamba Mskoti mwenzake, Robert William Thomson, alikuwa amelisajili wazo hilo tangu mwaka wa 1845, na Dunlop akapoteza haki aliyodhani ni yake. Lakini nia yake ndiyo inayonivutia. Hakuwa akiwaza magunia wala faida, bali mtoto anayetikiswa na njia mbovu.

Sasa tumtazame mhudumu wa bodaboda anaponunua tairi. Hulibonyeza ukutani kwa kidole gumba. Likibonyea kwa urahisi hulirudisha rafuni. Likikataa hutoa pesa. Kwake, ugumu ndio ubora. Nilipomwuliza mmoja wao sababu, alinijibu kwa upole wa mtu anayemweleza mgeni kwamba tairi laini huisha upesi, hupata pancha kila mara, na likibeba watu watatu hulala chini. Sababu zake si za kipuuzi. Wengi wao hawaendeshi pikipiki zao wenyewe. Kila jioni tajiri hungoja fedha zake, iwe tairi limepasuka au halikupasuka. Mtu wa namna hiyo hawezi kulichagua tairi kwa kuuonea huruma mgongo wa abiria ambaye atashuka baada ya kilomita nne.

Kosa limo katika ile sababu ya tatu, ya watu watatu, na wanafunzi wa hesabu wanaweza kulithibitisha bila kutoka darasani. Ubavuni mwa tairi pameandikwa namba ambazo wengi hudhani ni za kiwandani tu. Tairi la nyuma la pikipiki nyingi za biashara huandikwa 3.00-17. Hiyo 3.00 ni upana wake kwa inchi, yaani milimita 76, na 17 ni kipenyo cha rimu, pia kwa inchi. Katika matairi ya mtindo huu kimo cha ukuta hukaribia upana, na kwa hiyo anayebadilisha kutoka 2.75 kwenda 3.00, pale ambapo pikipiki inaruhusu, hujiongezea takriban milimita sita za hewa kati yake na jiwe. Kisha aghalabu hufuata alama kama 50P. Herufi huonyesha kikomo cha mwendo. Ile 50 ni namba ya jedwali, na maana yake ni kwamba tairi hilo limeundwa kubeba kilo 190, si zaidi.

Haya, tupige hesabu. Pikipiki ya kiasi cha Boxer ina uzito wa kilo 120 hivi. Mwendeshaji na abiria mmoja, kwa kilo 70 kila mmoja, huifikisha 260. Tukichukulia kwamba gurudumu la nyuma hubeba takriban theluthi mbili, linabeba kilo 173, nalo limo ndani ya mpaka wake. Ongeza abiria wawili, mtindo ambao jirani zetu Watanzania huuita mishikaki. Jumla ni kilo 400, na kwa kuwa wote wameketi nyuma ya mwendeshaji, gurudumu la nyuma halikosi kilo 270. Sheria ya Kenya yasema abiria ni mmoja. Polisi wanaweza kuisahau sheria hiyo penye kizuizi, lakini ubavu wa tairi umeiandika kwa namba zake wenyewe.

Mhudumu huukwepa mpaka huo kwa njia mbili, na zote mbili huishia mgongoni mwetu. Ya kwanza ni kununua tairi lenye matabaka mengi, linaloandikwa 6PR au hata 8PR. Ukuta wake ni mnene, haukunjiki, na pale ambapo tairi la kawaida lingeimeza ncha ya jiwe, hili huipokea na kuipitisha juu. Ya pili, ambayo ni mbaya zaidi kwa kuwa haigharimu kitu, ni kujaza upepo kupita kiasi. Vitabu vya mwongozo vya pikipiki ndogo kwa kawaida hutaja takriban pauni 25 kwa inchi ya mraba mbele, na kati ya 28 na 32 nyuma kulingana na mzigo. Lakini upepo hujazwa hadi tairi lilie kama ngoma likigongwa. Tukipuuza ukakamavu wa ukuta, tairi lenye kilo 150 na presha ya 30 hukanyaga ardhi kwa eneo la sentimita za mraba 71 hivi. Likijazwa hadi 45, eneo hilo hushuka hadi 47. Limepoteza theluthi moja ya mguu wake. Basi hudunda juu ya mawe badala ya kuyakumbatia, na penye matope hukosa pa kushika.

Nakiri kwamba upepo ukipunguzwa mno nao huleta balaa. Tyubu hubanwa kati ya jiwe na rimu ikatoboka matundu mawili mara moja, na rimu yenyewe ikapinda. Jawabu ni kipimo. Chombo cha kupimia upepo ni kitu kidogo cha kutiwa mfukoni, ambacho kikundi kizima cha steji moja kinaweza kukinunua kwa mchango. Mbona vikundi hivyo hivyo huchangia mazishi kila mwezi, na bila kulalamika?

Kuhusu meno ya tairi sina mengi. Meno makubwa yaliyoachana ndiyo yafaayo matope ya Mugirango Kaskazini, ila kwenye lami hutetemesha mikono na huisha haraka. Tairi lenye mifereji ya moja kwa moja, zuri la mjini, huteleza ubavu mara litokapo lami. Kwa anayepita kotekote, meno ya wastani ndiyo nafuu. Tena atazame tarakimu nne zilizo ndani ya duara dogo ubavuni. Zikiwa 2219, tairi lilitengenezwa wiki ya 22 ya mwaka 2019, na mpira uliokaa dukani miaka yote hiyo umekwisha kukakamaa, hata uwe unang'aa vipi.

Yuko atakayeniambia kwamba ninamtwika maskini mzigo wa serikali. Hoja hiyo ina uzito. Serikali iliondoa kodi ya VAT kwa pikipiki ndogo mwaka wa 2008, zikafurika vijijini, lakini barabara za kuzipokea hazikufurika pamoja nazo. Julai 2024 ada ya matengenezo ya barabara katika kila lita ya mafuta ilipandishwa kutoka Sh18 hadi Sh25. Mhudumu wa Ekerenyo huilipa sawasawa na mwenye gari la kifahari jijini. Katiba ya 2010 ilizikabidhi kaunti barabara zao, na bado magavana na wabunge waliburutana hadi mahakamani juu ya Sh10.5 bilioni za hazina hiyo hiyo. Mwaka wa 2025 sehemu ya ada iliwekwa rehani ili kuwalipa wanakandarasi waliokuwa wakiidai serikali. Kwa hiyo mhudumu hulipia barabara penye pampu ya petroli, kisha hulipia ubovu wake penye duka la matairi. Tairi gumu ni kodi ya pili.

Tofauti ni kwamba kodi hiyo ya pili hailipi peke yake. Wataalamu wa mitikisiko wanatwambia kwamba mwili wa binadamu aliyeketi huathirika zaidi na mtikiso wa wima wa kati ya mara nne na nane kwa sekunde, nao hauko mbali na pikipiki inayopita juu ya mawe. Anayeupokea ni mama mjamzito anayepelekwa hospitali, ni mtoto wa darasa la kwanza aliyebanwa katikati, ni mwalimu aliyebakiza miaka kumi na mitano ya kupanda kilima kile kile. Hao hawakuwapo dukani tairi lilipochaguliwa. Lakini wapo steji kila asubuhi, na mhudumu huwajua kwa majina. Mteja wa kila siku akimwomba apunguze upepo hadi 30 na amwache abiria wa tatu angoje pikipiki nyingine, atasikilizwa, hasa akiwa tayari kuongeza nauli kidogo kwa safari ya watu wawili.