Usiniambie "Wajinga Ndio Waliwao"

Kuna maneno matatu yananikera kuliko yote kwenye intaneti ya Kenya: wajinga ndio waliwao.

Ukitaka kuyaona, tafuta video yoyote ya mtoto analia kwa sababu ameibiwa mnyama wake kwenye Adopt Me! au tunda lake kwenye Blox Fruits. Ako na miaka tisa, kumi hivi. Sauti inatetemeka, kamasi inatoka. Halafu shuka kwenye komenti. Watu wazima, wengine na ndevu, wanacheka. "Umechezwa." "Karibu duniani." "Chanuka kijana." Na lazima mmoja aje kumaliza na hiyo methali, kama hakimu anasoma hukumu.

Mimi nasema hivi: hiyo methali ndiyo rafiki mkubwa wa mwizi. Na wewe unayeiandika, hata kama hujaiba kitu, unamfanyia kazi bure.

Kwanza tuelewane ni nini kimeibiwa, kwa sababu najua kuna mtu hapa ashasema "si ni katuni tu."

Roblox ilianza 2006. Ndani yake kuna pesa inaitwa Robux, na hiyo Robux inanunuliwa na pesa ya kweli, ile ile ya kununua unga. Adopt Me! ni gemu moja humo ndani, ilitoka 2017, na tangu 2019 kazi yake kubwa ni kuangua mayai na kulea wanyama. Ukitaka mnyama anayeng'aa, yule wanaita neon, unahitaji wanyama wanne wa aina moja, wote umewalea mpaka wakakomaa. Ukitaka wa juu zaidi, mega neon, unahitaji neon wanne waliokomaa. Piga hesabu: wanyama kumi na sita. Kila mmoja analishwa, analazwa, anapelekwa shule, anaogeshwa. Hiyo ni wiki nyingi za mtoto kutoka shule, kumaliza homuwaki na kuomba simu ya mamake kwa nusu saa.

Kuna mnyama anaitwa Shadow Dragon. Aliuzwa Halloween ya 2019 kwa Robux 1,000, halafu dirisha likafungwa. Leo ukimtaka, lazima ubadilishane na mwenye naye. Kwa hivyo watoto wanajua ni dhahabu. Na wezi pia wanajua.

Sasa swali kwa wale wa "ni pikseli tu": kama hazina maana, mbona mwizi anazitaka? Mbona akishaziiba anaenda kuziuza kwa pesa halisi kwenye magrupu ya Discord? Hata Roblox wenyewe, mchezaji akiuza kitu cha toleo dogo sokoni kwao, wanakata asilimia 30. Kitu hakiwezi kuwa na thamani ya kukatwa asilimia 30, halafu kikiibiwa kiwe hewa. Chagueni moja.

Tuje kwa huo "ujinga" wenyewe. Wacha nikuonyeshe venye wanaibiwa, halafu uniambie kama wewe ukiwa na miaka tisa ungetoka.

Dirisha la kubadilishana la Adopt Me! lenyewe limepangwa poa. Unaweka vyako upande wako, mwenzako anaweka vyake, mnakubali, halafu mnathibitisha mara ya pili. Ukikazana na hilo dirisha ni vigumu kuibiwa. Kwa hivyo mwizi hahangaiki kulivunja. Kazi yake yote ni moja: kumtoa mtoto nje ya dirisha.

Anamwambia, "Nipe kwanza, nikupe baadaye, tuone kama unaniamini." Mtoto akisita, anaambiwa hana urafiki. Ama anamwambia vitu ni vingi, vigawanywe mara mbili: awamu ya kwanza mtoto anatoa, awamu ya pili mwizi ashapotea kwa seva. Ama kuna "mtu wa kati" mwaminifu atashikilia vitu vya wote wawili, na huyo mtu wa kati ni mwizi mwenyewe na akaunti yake ya pili, ama ni rafiki yake. Ama anajifanya YouTuber maarufu, ameiga jina na avatari, anasema anarekodi video ya kupima nani ana roho safi. Ama anasema amegundua hitilafu ya kurudufisha wanyama: "Nipe mmoja nikurudishie wawili." Ama vitu vinabadilishwa dakika ya mwisho, neon inatolewa, inawekwa mnyama wa kawaida anayefanana naye, na mtoto anaharakishwa, "Bonyeza haraka naenda kula!"

Soma hiyo orodha tena pole pole. Mtoto amenaswa na nini? Kuaminiana. Kushiriki. Kutii mkubwa. Kutotaka kuonekana mchoyo. Hizo ni tabia tunazomfundisha nyumbani, shuleni, kanisani, madrasa. Tunamchapa akikataa kumgawia mwenzake biskuti, halafu akigawa akaibiwa tunamwita fala. Kwani tunataka nini?

Na hiyo ni sehemu rahisi. Sehemu mbaya ni akaunti nzima kuchukuliwa. Kuna tovuti za "Robux za bure" ambazo zinataka uandike jina na nywila. Hakuna Robux za bure, hazijawahi kuwepo, na hazitakuwepo kesho. Halafu kuna ile ya kuki. Ukiingia Roblox kwenye kompyuta, brauza inaweka kitu kidogo, kuki, ili usiulizwe nywila kila saa. Mwenye hiyo kuki anaingia kama wewe, bila nywila, bila ile namba ya kuthibitisha inayotumwa. Roblox wameweka onyo mwanzoni mwa hiyo kuki yenyewe, kwa Kiingereza, kwamba usimpe mtu yeyote. Lakini mwizi anamwambia mtoto, "Bonyeza hapa, nakili haya maandishi marefu, bandika huku, upate nguo ya bure." Ama anamtumia faili ama programu ya kuongeza kwenye brauza inayofanya hiyo kazi kimya kimya. Mtoto wa darasa la nne anajua kuki ni ya kula na chai. Unamlaumu kwa hilo?

Najua jibu lenu: "Wacha aibiwe, ni somo. Hatarudia." Hii ndiyo hoja inasikika ya maana, kwa hivyo tuijibu vizuri.

Hapa Kenya watu wazima, wenye digrii na mimi nisiye nayo, tumekuwa tukitumiwa ile meseji ya "tuma kwa namba hii" miaka nenda miaka rudi. Kila familia ina mjomba mmoja aliyetuma. Mbona somo halikuisha? Kwa sababu kuibiwa hakufundishi mtu kujua wizi ujao unakaaje. Kunamfundisha aibu. Na aibu ikiingia kwa mtoto inafanya kitu kimoja tu: inamnyamazisha.

Hapo ndipo mwizi anapotaka afike. Mtoto aliyeibiwa na anaogopa kusema ndiye mteja bora kabisa. Anarudiwa. "Unataka nikurudishie? Fungua simu ya mamako, niambie namba ya siri ya M-Pesa." "Nitumie picha yako kwanza." "Ukimwambia mtu nitakuripoti akaunti yako ifungwe." Kilichoanza na joka la katuni kinaishia pahali ambapo hakuna mtu angeandika methali. Na mtoto hajasema kwa sababu alishasoma komenti zenu. Anajua akisema ataitwa mjinga na simu itachukuliwa.

Mtu mzima akituma M-Pesa kwa namba isiyo yake ana 456 ya kuomba irudishwe. Akipata meseji ya utapeli anaipeleka 333. Mtoto kwenye gemu ana nini? Ana kitufe cha kuripoti, na kwa kawaida kitu alichokitoa kwa mikono yake mwenyewe hakirudi. Zaidi ya hapo ana wewe. Na wewe unacheka.

Kampuni nazo zisijifiche nyuma ya hii hasira yangu. Adopt Me! waliweka mtihani mdogo kuhusu utapeli ambao lazima uupite kabla ya kubadilishana wanyama wa bei. Ni kitu kizuri, na nawapa haki yao. Lakini mtihani pia unawapa nafasi ya kusema, "Tulikuonya." Kampuni ikitaka kweli, inaweza kwenda mbali zaidi. Jagex wa Uingereza, wenye RuneScape, waliwahi kuzuia kabisa kubadilishana vitu ambavyo thamani yake haikaribiani. Wachezaji walikasirika, wengine wakahama, na Februari 2011 biashara huru ikarudishwa baada ya kura. Kwa hivyo si kwamba haiwezekani. Ni kwamba usalama unapunguza msisimko, na msisimko ndio unaleta pesa. Tukumbuke hiyo kila wakati kampuni ya gemu inapotuambia usalama wa watoto ndio kitu cha kwanza.

Lakini mimi sitaki kuongea na Marekani leo. Nataka kuongea na nyinyi, wa miaka 16 mpaka 23, kwa sababu wengi wa hawa wezi ni rika letu. Si mzungu fulani amevaa kofia kwenye chumba cha giza. Ni msee ako na bando na muda, ameamua kuibia mtoto wa miaka minane ni hasola. Na wengine wanarekodi! Kuna video za "nimemchezea mtoto akalia," na zina watazamaji balaa. Mimi naishi kwa watazamaji, niliacha chuo na hii ndiyo kazi yangu, kwa hivyo najua vizuri hiyo video inalipa. Inalipa kwa sababu unaitazama mpaka mwisho, unacheka, unamtumia rafiki yako. Mwizi anakula mara mbili: anakula mali ya mtoto, halafu anakula macho yako.

Na usiseme hakuna sheria. Sheria ya Kenya ya matumizi mabaya ya kompyuta na uhalifu wa mtandaoni ilipitishwa 2018, na kumlaghai mtu kwa tovuti ama ujumbe feki ili akupe siri zake za akaunti imo humo: faini ya hadi shilingi 300,000, ama kifungo cha hadi miaka 3, ama vyote. Haijaandikwa "isipokuwa aliyeibiwa akiwa mdogo."

Sasa, ukiwa na mdogo wako nyumbani anayecheza hizi gemu, fanya hivi wikendi hii. Haitakula hata saa moja.

Kaa naye, acha akuonyeshe wanyama wake. Msikilize, usimcheke. Halafu mpe sheria moja tu, kwa sababu kumi atazisahau: kila kitu kiwe ndani ya dirisha, kwa wakati mmoja, la sivyo hakuna biashara. Hakuna "baadaye," hakuna mtu wa kati, hakuna awamu ya pili. Mtu akimharakisha, aondoke. Harakaharaka yenyewe ndiyo dalili. Kabla ya kuthibitisha, aangalie upande wa mwenzake mara ya mwisho, jina la mnyama na kama anang'aa.

Washa uthibitishaji wa hatua mbili kwenye akaunti yake. Angalia brauza ina programu gani za ziada, toa usizozijua. Akicheza kwa saiba, atoke kwenye akaunti kabla ya kuinuka. Kama unashuku kuki imeibiwa, badilisha nywila na uondoe akaunti kwenye vifaa vingine vyote. Ile kuki ya mwizi inakuwa karatasi tu. Namba ya siri ya M-Pesa asiijue, na kama anaijua, ibadilishwe leo.

Halafu mwambie hii sentensi, kwa sauti, ukimwangalia: "Ukiibiwa, niambie. Sitakugombeza na simu sitaichukua." Na uiheshimu siku hiyo ikifika. Piga skrinshoti za mazungumzo na jina la mwizi, ripoti ndani ya gemu. Kama kuna mtu anamtishia ama anamwomba picha, hiyo si gemu tena. Pigeni 116, ile laini ya watoto, ni bure.

Najua wengine watasema nimelainika, kwamba dunia ni ngumu na mtoto ataijua tu. Sawa. Dunia ni ngumu. Lakini hiyo methali haikusema mtu mwerevu ni yule anayekula watoto. Na haikusema umati ukae kando na sahani, ukisubiri makombo ya kucheka.

Ukimwona tena mtoto analia kwenye video kwa sababu ya mnyama wa Adopt Me!, usimwandikie methali. Mwandikie: "Pole. Ni nani amekufanyia hivyo?" Halafu msaidie kuripoti hilo jina.