Nyumba na Riziki: Printa ya Wino au ya Leza kwa Lebo za Bidhaa Zetu?



Siku chache kabla ya Ramadhani tulimsindikiza shangazi yetu katika Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Moi, alipokuwa akirejea kwa wanawe Doha. Sisi tunaoishi Port Reitz tuna ujirani wa namna yake na uwanja huu. Ndege zikishuka twaziona kutoka uani, na jamaa zetu wa Kisauni na Likoni hupenda kulala kwetu usiku wa kuamkia safari. Masanduku yao huondoka yamejaa vitu vya nyumbani: achari ya embe, viungo vya pilau, mabuyu, visheti na udi.

Safari hii tulimfungia shangazi chupa sita za mdomo mpana, zilizotengenezwa jikoni mwetu kama zile tunazowauzia majirani. Mbili kati ya hizo zilikuwa za pilipili ya kukaanga. Katika moja tulitia karanga za kusagwa, nyingine haikuwa nazo, na kwa rangi huwezi kuzitenganisha. Lebo tulizichapa wenyewe kwa printa ya wino iliyopo nyumbani. Zilipendeza mno, zikiwa na picha ya pilipili nyekundu na maandishi ya buluu. Usiku chupa zikalala kwenye friji, na alfajiri tukazifunga sandukuni.

Tulipofika uwanjani, mzigo ulizidi uzani, ikabidi tufungue sanduku ili tupunguze. Chupa zilikuwa zimetoka jasho, kama kila kitu cha baridi kinavyotoka jasho katika hewa yetu ya pwani. Maandishi ya buluu yalikuwa yametiririka hadi kitako cha chupa, na pilipili nyekundu ilikuwa doa la waridi.

"Wanangu," shangazi akauliza, "ipi iliyo na karanga?"

Mjukuu wake hali karanga. Akionja kidogo tu, midomo huvimba na pumzi humbana. Tulizitazama zile chupa mbili, tukatazamana.

"Shangazi, tuwie radhi. Hatujui tena."

Zote mbili tukarudi nazo nyumbani. Shangazi hakutulaumu, lakini njia nzima tulijiuliza ni chupa ngapi tumekwisha kuwauzia watu zikiwa na lebo kama zile.

Kwa hiyo wiki hii twalijibu swali ambalo dada zetu wengi wanaouza vitu vya nyumbani hutuuliza: kwa lebo, inunuliwe printa ya wino au ya leza? Zamani tulikuwa tukijibu kwa kutazama uzuri wa rangi na bei dukani. Sasa twajibu kwa kuuliza jambo moja kwanza: je, maandishi yatasomeka chupa itakapofika mkononi mwa mlaji?

Printa hizi mbili ni kama watoto wa rika moja. Mwaka 1984 kampuni ya HP ilileta sokoni zote mbili, ThinkJet ya wino na LaserJet ya leza. Tabia zao, hata hivyo, ni mbalimbali. Printa ya wino hurusha matone madogo mno ya wino wa majimaji juu ya karatasi, na karatasi huyanywa. Printa ya leza haina majimaji. Ina unga mkavu uitwao tona, ambao kwa sehemu kubwa ni plastiki iliyotiwa rangi. Mwanga huchora maandishi juu ya mtungi unaozunguka, unga hunasa palipochorwa, kisha karatasi hupita kwenye roli za moto zinazouyeyusha unga na kuugandamiza. Maandishi ya leza, kwa hivyo, ni plastiki iliyogandishwa juu ya karatasi, na plastiki haiyeyuki kwa jasho la chupa.

Wino wenyewe nao si wa namna moja. Uko wino wa rangi iliyoyeyuka majini, mfano wa chai ndani ya maji. Huo hung'aa, lakini ukirowa hutiririka, na jua huufifisha. Uko pia wino wa chembechembe za rangi zisizoyeyuka, nao hustahimili maji vizuri zaidi. Printa nyingi za matangi hutumia wino wa chembechembe kwa rangi nyeusi peke yake, na wino wa kuyeyuka kwa rangi nyingine. Mwenye printa ya namna hiyo akiandika maneno muhimu kwa rangi nyeusi tupu, huenda yakabaki hata kama picha imeharibika. Kosa letu lilikuwa kuandika neno "karanga" kwa buluu.

Tuliporudi nyumbani tulifanya jaribio ambalo kila mmoja wenu anaweza kulifanya. Lebo ile ile tuliichapa kwa printa yetu ya wino, kisha tukaenda Magongo kuichapisha kwa leza katika duka la kuchapisha. Tukazibandika kwenye chupa mbili, tukazitia friji usiku kucha, tukazitoa, tukazipangusa kwa kidole kilicholowa, kisha kwa kidole chenye mafuta. Ya wino ilifutika kwa mpanguso wa kwanza. Ya leza ilisomeka herufi zote. Lakini karatasi yake ililainika kwa maji, mafuta yakaipenya, na tulipokwaruza kwa ukucha herufi zikaanza kubanduka. Basi leza nayo ina mpaka wake. Karatasi ni karatasi, na chupa ya achari haikosi mafuta. Tulipoifunika lebo kwa selotepu pana isiyo na rangi, ikizidi kingo zote za karatasi, ilivumilia maji na mafuta pia.

Kuna sababu nyingine inayotufanya tuielekee leza, nayo ni mwendo wa biashara zetu. Kazi zetu hazigawanyiki sawa mwaka mzima. Ramadhani na kuelekea Idi hatulali. Baada ya hapo hupita wiki nyingi bila oda ya maana. Printa ya wino haipendi kukaa kimya. Wino hukaukia katika vitundu vyake vidogo, na ukija kuiwasha hutoa mistari mieupe. Ukiamuru ijisafishe, hutumia wino ule ule ulioununua, pasipo kuchapa hata lebo moja. Tona ni unga, haina cha kukauka. Mwenye printa ya wino aichapishe walau ukurasa mmoja wenye rangi zote kila wiki.

Hatusemi kwamba wino hauna fadhila. Printa yake kwa kawaida ni rahisi kuinunua, na picha zake za rangi hupendeza. Kwa pakiti za visheti, kashata au udi, ambazo hazikai friji wala hazina mafuta ya kuchuruzika, lebo ya wino iliyofunikwa vyema yatosha. Leza ya rangi ni ghali, na ina tona nne za kubadilisha. Kwa nyumba nyingi, leza ya rangi nyeusi peke yake yafaa zaidi. Aitakaye nakshi anunue karatasi za stika za rangi, achape maandishi meusi juu yake.

Kabla ya kununua, na hasa mashine iliyokwisha kutumika, ulizeni kwanza bei ya tona au wino wake na kama hupatikana Mombasa. Printa rahisi yenye tona ya kuagizwa mbali ni mzigo. Kumbukeni pia kwamba leza hula umeme mwingi inapopasha roli zake, hivyo isiwekwe kwenye waya mmoja wa nyongeza pamoja na pasi au birika. Karatasi zake zihifadhiwe ndani ya mfuko uliofungwa, kwa sababu hewa yetu yenye unyevu huzifanya zijikunje na kukwama.

Tahadhari kubwa ni ya karatasi za stika. Moto wa ndani ya leza hukaribia nyuzi 200 za selsiasi. Stika ya kung'aa au ya plastiki iliyotengenezwa kwa ajili ya wino yaweza kuyeyuka humo na kuganda kwenye roli, na printa ikaharibika kwa ukurasa mmoja. Someni pakiti iseme wazi kwamba yafaa kwa leza. Wala msiirudishe ndani karatasi ambayo baadhi ya stika zake zimekwisha kubanduliwa, kwani gundi iliyo wazi hunasa ndani ya mashine.

Na je, ni lazima kununua? Tufanye hesabu. Karatasi ya A4 yenye stika za upana wa milimita 63.5 na kimo cha milimita 38.1 hutoa lebo 21. Anayeuza chupa 100 kwa mwezi ahitaji karatasi 5 tu. Dada wa kiwango hicho asiifunge akiba yake ndani ya mashine. Aandae lebo kwenye simu au kompyuta, aende na karatasi zake kwenye duka lenye leza, alipe kwa ukurasa. Fedha iliyobaki anunue mizani nzuri na vifuniko visivyovuja. Oda zikiwa za kila wiki, hapo ndipo printa ya nyumbani huanza kujilipia. Kina mama wanne au watano wa mtaa mmoja waweza pia kuchanga na kumiliki moja kwa pamoja, maadamu wameandikiana tangu mwanzo nani anunua tona na nani atengeneza ikiharibika.

Sasa tuje kwenye maneno yenyewe, kwani maandishi yasiyofutika hayana faida ikiwa hayasemi kitu. Kiwango cha Afrika Mashariki cha lebo za vyakula vilivyofungashwa, EAS 38, kinataka jina la chakula, viambato vyake, uzani halisi, jina na anwani ya mtengenezaji, namba ya kundi la uzalishaji, tarehe, nchi kilikotoka, na maelezo ya kuhifadhi pale yanapohitajika. Vitu vinavyowadhuru baadhi ya watu, kama karanga, ufuta, maziwa, mayai na ngano, vitajwe pasipo kufichwa. Sisi sasa neno "INA KARANGA" twaliandika kwa herufi kubwa nyeusi mbele ya chupa, na tena juu ya kifuniko, ili lebo moja ikiharibika nyingine ibaki. Tarehe twaweza kuiandika kwa kalamu ya wino usiofutika, baada ya kuijaribu kwa maji.

Alama ya ubora ya KEBS na alama ya halali zisibandikwe na asiyepewa. Kwa printa yoyote ni rahisi kuzinakili, na urahisi huo ndio mtihani. Kuchapa alama usiyopewa ni kutoa ushahidi wa uongo juu ya chakula cha watu. Vilevile tunawanasihi wenzetu wasichape aya wala jina la Mwenyezi Mungu juu ya lebo itakayoishia jaani. Bismillahi tuitamke tunapopika.

Sote tumesoma habari ya Mtume (S.A.W.) sokoni, alipotia mkono ndani ya lundo la nafaka na vidole vyake vikakuta unyevu uliokuwa chini. Alimuuliza mwenye mali kwa nini hakuuweka juu watu wakauona. Twaisoma habari hiyo tukimfikiria mfanyabiashara mdanganyifu, mtu wa mbali nasi. Asubuhi ile uwanjani hatukuwa tumekusudia kumficha mtu lolote. Lakini kilichokuwa ndani ya chupa hakikuonekana tena kwa nje, na mtoto ambaye angekula hangesalimika kwa sababu ya nia yetu njema.

Zile chupa mbili hatukuziuza wala kumpa mtu. Tulizimwaga, tukaziosha, tukaanza upya. Juma lililofuata kijana wa jirani alikuwa akisafiri njia ile ile, tukampa chupa moja ya pilipili isiyo na karanga, yenye maandishi meusi ya leza chini ya selotepu. Kabla hajaondoka tuliiweka chini ya bomba la maji mbele yake, tukaipangusa kwa kidole, tukampa aisome. Akaisoma yote, mpaka tarehe.

Jaribio hilo halihitaji printa mpya wala fedha. Leo, kabla ya kuuza chupa nyingine, toa moja frijini, iache itoke jasho, ipanguse, kisha mpe mtoto wa nyumba akusomee.

Wabillahi tawfiq.