Kitambaa cha Hyypiä

Kama mpira unakuboa, nivumilie kidogo leo.

Sami Hyypiä, yule beki mrefu wa Finland, alitua Liverpool mwaka 1999 kutoka Willem II ya Uholanzi kwa pauni milioni 2.6 tu. Akapanda mpaka unahodha. Halafu Oktoba 2003 kocha Gérard Houllier akamvua kitambaa, akampa Steven Gerrard, kijana wa miaka 23.

Hebu fikiria ni ofisini kwako: dogo uliyekuwa unamwongoza sasa ndiye bosi. Si ungenuna? Na jioni hasira zingemwishia mwenzio, eti chumvi imezidi kwenye mchuzi. Jamaa hakususa. Mei 2005, pale Istanbul, alicheza chini ya huyohuyo Gerrard, wakafungwa 3-0 na AC Milan hadi mapumziko, wakasawazisha yote na kubeba Kombe la Mabingwa Ulaya kwa penalti.

Mei 24, 2009 aliagwa Anfield, dhidi ya Tottenham. Aliingia mwishoni mwishoni, na aliyetoka kumpisha ni Gerrard, ambaye alimkabidhi kitambaa palepale. Mechi ilipoisha, lile pande la mtu likaangua kilio.