Leseni ya Kuazima Yaweza Kula Mtaji Wako

Mnunuzi wa mboga anayepanda Mlalo au Lukozi siku ya soko huwa mkali wa macho. Hupasua kabichi moja kuona kama imeshikana, huingiza mkono hadi chini ya tenga la nyanya kuhakikisha hakuna zilizopondeka, na hubishana na dalali hadi jasho limtoke. Lakini mzigo huo huo, akishaulipia fedha taslimu, humkabidhi dereva wa Fuso ambaye hajawahi kumwuliza leseni yake ni ya daraja gani, inaisha lini, na kama picha iliyomo ni yake kweli.

Hapo ndipo hesabu ya biashara yetu inapovuja. Wahenga walisema rahisi huvunja upishi, na hakuna urahisi uliovunja mapishi mengi katika njia ya Mlalo, Lushoto na Mombo kama dereva wa bei nafuu mwenye karatasi za mashaka.

Tuanze kwa kuchambua bidhaa yenyewe, maana leseni mbaya si ya aina moja. Ipo ya bandia kabisa, iliyotengenezwa uchochoroni. Ipo halali lakini ya mtu mwingine, anayoazimwa deiwaka ili apitie nayo vizuizi. Ipo iliyopatikana kwa cheti cha uongo cha chuo cha udereva. Ipo halali ya mwenyewe lakini si ya daraja la gari analoendesha, kama kijana mwenye daraja D aliyeshika usukani wa lori la mizigo, ilhali daraja hilo haliruhusu magari makubwa wala ya abiria. Na ipo iliyokwisha muda wake, ambayo mwenyewe husema ataihuisha mwezi ujao.

Wafanyabiashara wengi huziweka zote katika kapu moja wakiamini kwamba adhabu yake ni faini ya barabarani tu, yaani Sh 30,000 kwa gari, au Sh 10,000 kwa pikipiki na bajaji tangu ilipopunguzwa katika bajeti ya mwaka 2021/22. Imani hiyo ni ya gharama kubwa. Faini hiyo ni ya makosa madogo ya barabarani. Kughushi si kosa dogo, wala si kosa la kumalizwa kwa karatasi ya faini.

Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16 ya sheria za Tanzania, inasema anayeghushi hati anaweza kufungwa hadi miaka saba. Kifungu kingine kinamgusa yule ambaye hakughushi kwa mkono wake, bali ameitumia hati hiyo kwa hila huku akijua kuwa ni ya uongo: adhabu yake ni sawa na ya aliyeitengeneza. Kwa hiyo dereva anayejitetea kwamba yeye ‘aliuziwa tu’ hajajitoa popote ikiwa alijua anachonunua. Miaka saba ni ukomo wa juu na hakimu anaweza kutoa pungufu, lakini mfanyabiashara mwangalifu hupima hatari kwa ukomo wake, hategemei bahati.

Kuhusu leseni ya kuazima, wengi watashangaa. Sheria hiyo hiyo inasema anayetoa hati iliyotolewa na mamlaka halali kwa mtu mwingine, akajifanya ndiye mwenye jina lililoandikwa humo, anahesabiwa kama aliyeighushi. Na yule aliyeuza, aliyegawa au aliyeazimisha hati yake kwa nia hiyo naye ametenda kosa la jinai. Urafiki wa kijiweni haumo katika sheria. Dereva mzoefu anayempa utingo wake leseni ili yeye alale nyumbani Mlalo siku mbili amejifunga kamba na mwenzake. Aidha, kupata leseni kwa maelezo ya uongo ni kosa linalosimama peke yake, hata kama kadi yenyewe imetoka TRA na ina kila alama inayotakiwa.

Sasa tumgeukie mwenye gari, maana wasomaji wengi wa ukurasa huu ni wenye magari au wanatarajia kuwa. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 haimkatazi dereva peke yake kuendesha bila leseni halali ya aina ya gari husika. Inamkataza pia mmiliki, au aliyekabidhiwa gari, kuliruhusu liendeshwe na mtu asiye na leseni hiyo. Hivyo ule usemi wa ‘mimi namjua dereva, leseni ni mambo yake’ haumlindi tajiri, bali unathibitisha kwamba alijua anampa gari nani na hakuuliza.

Baada ya jinai huja madai, na huko ndiko mtaji unakoteketea. Mwenye gari huwajibika kwa uzembe wa dereva aliyemwajiri akiwa kazini. Bima ndogo ni ya lazima kisheria na bima kubwa ni ya hiari, lakini zote mbili huwa na masharti, na mojawapo kuu ni kwamba gari liendeshwe na mtu mwenye leseni halali. Mmiliki aliyelipa bima kubwa mwaka mzima anaweza kukuta madai ya lori lake lililopinduka kwenye kona za Soni yamekataliwa kwa sababu moja tu: aliyekuwa kwenye usukani hakustahili kuwapo hapo. Benki au kikundi kilichomkopesha hakitasamehe marejesho eti kwa sababu bima imegoma.

Uzito wa jambo hili unaonekana barabara kuu. Mwezi Februari 2023, huko Magila Gereza wilayani Korogwe, Fuso na Coaster ziligongana usiku na watu zaidi ya 15 wakafa. Hatuitaji ajali hiyo kwa kudai kwamba leseni ilikuwa chanzo. Tunaitaja ili mwenye lori akae chini ajiulize: ajali moja kama hiyo huacha wajane na yatima wangapi wenye haki ya kudai, naye ana nini mkononi ikiwa karatasi za dereva wake zina mashaka?

Mwenye mzigo naye asijifariji. Kisheria anaweza asiwe na kosa lolote, lakini hasara ni yake. Lori likizuiwa Mombo, Korogwe au Chalinze kwa sababu dereva amekamatwa, mzigo unabaki palepale hadi apatikane dereva mwingine au gari liachiwe. Mahindi yatavumilia. Nyanya, hoho na matunda ya Lushoto hayavumilii. Soko la Dar es Salaam hupanga bei alfajiri, na tenga linalofika saa sita mchana likiwa limetota juisi halina mnunuzi, lina mwokotaji. Mkulima kijijini, aliyekubali kulipwa baada ya mauzo, ndiye hupokea salamu badala ya fedha.

Wapo wawekezaji wadogo ambao hesabu yao ni pikipiki. Mwalimu, muuza duka au mkulima aliyeuza viazi vyake vizuri hununua bodaboda moja na kumpa kijana kwa mkataba au kwa hesabu ya kila siku. Ni uwekezaji wa kawaida Mlalo, na kwa barabara zetu za kupanda na kushuka, pikipiki ndiyo inayotoa gunia shambani hadi lori linapofika. Lakini ni wangapi kati yao wameona leseni ya kijana kabla ya kumkabidhi funguo? Mkataba huandikwa mbele ya mashahidi, marejesho hupangwa hadi siku ya mwisho, ila mstari wa leseni huachwa wazi.

Tuwe wakweli, upande wa pili una hoja. Kijana wa Mlalo atauliza: niipate wapi hiyo leseni? Njia halali inamtaka apate leseni ya kujifunzia, apite chuo cha udereva kinachotambulika, ajaribiwe na askari wa usalama barabarani, kisha aende TRA kulipia na kuchukuliwa picha na alama za vidole. Kwa anayeishi Dar es Salaam hizo ni nauli za daladala. Kwa anayetoka Mlalo ni safari za kushuka mlimani, ada ya chuo, na siku ambazo hakuingiza kitu. Palipo na umbali huzaliwa dalali, na dalali wa leseni ndiye mlango wa karatasi za bandia.

Hoja hiyo ni ya haki, lakini haihalalishi kughushi. Inadai huduma isogezwe. Mafunzo ya muda mfupi na majaribio yakiletwa tarafani kwa ratiba inayojulikana, hasa nje ya msimu wa mavuno, vijana wengi watajitokeza. Serikali itapata ada zake, na dalali atakosa wateja. Ni jambo ambalo halmashauri, polisi na TRA wanaweza kulipanga bila kusubiri sheria mpya.

Na bei yenyewe si mlima. Tangu mabadiliko ya bajeti ya mwaka 2019/20, leseni hudumu miaka mitano badala ya mitatu, na ada yake ikapandishwa kutoka Sh 40,000 hadi Sh 70,000. Gawanya: ni Sh 14,000 kwa mwaka, chini ya Sh 40 kwa siku. Faini tatu za lori tayari zimeipita ada hiyo. Hata ukiongeza gharama za chuo, hakuna mfanyabiashara anayejua kukokotoa atakayesema kwamba kifungo, lori lililoshikiliwa na mzigo uliooza ni nafuu zaidi.

Wapo pia wanaoamini kwamba bandia haitajulikana. Huko nyuma ilikuwa hivyo, kwani leseni za zamani zilighushiwa kwa urahisi. Mfumo ulioanza mwaka 2010 uliweka taarifa, picha na alama za vidole katika kumbukumbu za TRA. Mghushi anaweza kuiga kadi, hawezi kuiga kumbukumbu. Namba ikiulizwa na jina likaja jingine, mjadala umekwisha. Na atakayetaka kuurefusha mjadala huo kwa ‘chai’ akumbuke kwamba chini ya Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, mtoaji na mpokeaji wote ni wakosaji.

Ushauri wa safu hii ni mfupi. Mwenye gari afungue daftari la madereva: jina kamili, namba ya leseni, madaraja, tarehe ya mwisho, na nakala ya kadi. Kabla ya kuajiri, namba hiyo iulizwe TRA au kwa askari wa usalama barabarani. Deiwaka asipande gari bila kuingizwa katika daftari hilo, hata kwa safari ya kutoka Mlalo hadi Lushoto tu. Mwenye mzigo aangalie leseni na bima kabla ya kupakia, na aandike namba zake kwenye karatasi ya makubaliano ya usafirishaji. Mwenye bodaboda aweke sharti la leseni katika mkataba, na kama kijana hana, amkopeshe ada hiyo akatwe kidogo kidogo katika hesabu. Vikundi vya bodaboda vinavyocheza upatu vinaweza kumlipia leseni mwanachama mmoja kila mzunguko hadi wote wamalizike.

Kwa vyombo vya dola tunasema: kosa la kughushi lipelekwe mahakamani, lisigeuzwe faini ya barabarani. Adhabu ya miaka saba iliyoandikwa kitabuni, huku dereva akiachiwa kwa Sh 30,000, inafundisha soko kwamba bei ya kosa ni Sh 30,000. Na soko hujifunza upesi.

Mali bila daftari huisha bila habari. Msimu ujao wa mboga, kabla lori halijaondoka Mlalo, mwenye mzigo na mwenye gari waisome kadi ya dereva wote wawili, mchana kweupe.